Kusomea Ususi Nairobi: Kuanzia Kutafuta Chuo Hadi Siku ya Mtihani

Kila Januari, matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakishatoka, simu yangu hujaa maswali yale yale. Chuo gani kizuri? Ni miezi mingapi? Lazima niwe na gredi gani? Nikimaliza nitaajiriwa? Nimeyajibu nikiwa nimeshika kichwa cha mteja, nimeyajibu nikiwa ndani ya matatu, na juzi nimemjibu binti wa jirani akiwa dirishani kwake na mimi nikianika nguo. Sasa nimeamua kuyaandika mara moja.

Anza na hili, ingawa wengi hawalipendi: usiulize miezi, uliza vichwa. Mimi nilisoma katika chuo kimoja cha ghorofa ya nne katikati ya jiji, ambacho jina lake nitalihifadhi. Miezi sita. Nilipomaliza nilikuwa na joho la kukodi, picha ya kupendeza na daftari lililojaa maelezo niliyonakili ubaoni. Vichwa vya watu halisi nilivyokuwa nimevigusa vilikuwa 11. Mwajiri wangu wa kwanza aliniweka kwenye kiti, akanikabidhi mteja, na baada ya nusu saa akanipokonya kitana mbele ya watu. Kazi ya kusuka niliijua baadaye, kwa njia ndefu. Mwongozo huu ni wa kukufupishia njia hiyo.

Kabla hujaanza

Uwe na hivi:

- Kitambulisho, au cheti cha kuzaliwa ikiwa hujafikisha miaka 18, pamoja na nakala zake na picha za pasipoti.
- Cheti cha shule, chochote ulicho nacho. Hata kama uliacha darasa la nane, usikate tamaa. Soma hatua ya 2.
- Pesa za karo, vifaa, mtihani na nauli. Watu husahau nauli. Ukitumia shilingi 100 kwa siku, kwenda na kurudi, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 24, hiyo ni shilingi 12,000. Kwa vyuo vingine hicho ni kiasi kikubwa kando ya karo yenyewe.
- Miguu na mgongo. Kichwa kimoja cha rasta ndogo kinaweza kuchukua saa sita au nane umesimama. Ikiwa una tatizo la mgongo, zungumza na daktari kabla ya kulipa.
- Watu wanne au watano watakaokubali uwaharibie nywele. Dada, shangazi, jirani, mtu wa kanisani. Nazungumza kwa dhati. Waandike majina leo.

Na wanaume wanaoniuliza kwa kunong'ona: ndiyo, mnakaribishwa. Baadhi ya wasokotaji dredi wazuri kabisa wa mji huu ni wanaume.

Hatua ya 1: Jua unataka kusomea nini

Vikaratasi vya vyuo huandika "nywele na urembo" kana kwamba ni kitu kimoja. Ndani yake kuna kusuka mistari na rasta, dawa ya kunyoosha na blodrai, rangi, kukata, dredi, wivu (nywele za kushonea) na wigi, halafu kucha, uso na vipodozi. Chuo kikikuahidi vyote hivyo kwa miezi mitatu, kinakuahidi kuvionja tu.

Ushauri wangu: chukua kozi ya nywele peke yake kwanza, uikamilishe. Kucha na vipodozi utaviongeza baadaye ukiwa tayari unaingiza kitu. Mwenye mkono mzuri wa mistari halali njaa Nairobi, hasa wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, mama wanapopanga watoto foleni hadi usiku.

Hatua ya 2: Jua unataka cheti gani

Hapa ndipo watu hupotezea pesa. Kuna vyeti vya aina kadhaa, na havina uzito sawa.

Cha kwanza ni cha NITA, ile mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Mtihani wake wa ufundi una gredi tatu: unaanza na Gredi III, unapanda hadi II, kisha I. Wazee wa saluni bado wanauita "mtihani wa DIT", kwa jina la idara iliyokuwa ikiusimamia kabla ya NITA kuchukua nafasi yake mwaka 2011. Uzuri wake ni kwamba unapima mkono wako, kwa hiyo hata aliyeacha shule mapema ana nafasi.

Cha pili ni cha mfumo wa umahiri unaosimamiwa na TVET CDACC, baraza la mitaala na mitihani ya vyuo vya ufundi, unaokwenda kwa ngazi. Hapo alama za KCSE huanza kuuliziwa kadiri unavyopanda: kwa kawaida C- kwa diploma ya ngazi ya 6 na D kwa ngazi ya 5, na chini ya hapo mlango uko wazi zaidi. KNEC, baraza la mitihani la taifa, nalo limekuwa likitahini kozi za ufundi kwa miaka mingi, kwa hiyo utakutana na wasusi wenye vyeti vyake.

Cha tatu ni cheti cha chuo chenyewe. Kina mhuri wa dhahabu na sahihi ya mkurugenzi. Kinaweza kukusaidia kwenye saluni inayokijua chuo hicho. Kwingine ni karatasi nzuri ya ukutani.

Angalia: uliza kwa maneno haya haya, "Mtihani wa mwisho unatungwa na nani?" Ukijibiwa "sisi wenyewe", basi panga bajeti ya mtihani wa NITA kando. Usikubali jibu la "tumesajiliwa". Kusajiliwa kwa chuo ni jambo moja, na nani anatoa cheti ni jambo lingine.

Hatua ya 3: Tembelea vyuo vitatu kwa miguu yako

Usichague chuo kwa simu, wala kwa video za mahafali. Vyuo vya kaunti, vile vilivyokuwa vikiitwa politekniki za vijana, vipo ndani ya mitaa. Kangemi na Waithaka ni mifano, na karo yake huwa nafuu kuliko ya vyuo binafsi vya katikati ya jiji. Vyuo binafsi navyo vina mazuri yake: vifaa vipya, wateja wengi, mitindo inayokwenda na wakati. Vingine havina chochote ila lifti.

Nenda siku ya kazi, saa nne au saa tano asubuhi, bila kutoa taarifa. Kisha:

1. Tazama kama leseni ya TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi kwa sheria ya mwaka 2013, ipo na haijaisha muda. Jina na mahali vilingane na pale uliposimama. Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa ipo pia kwenye tovuti yao.
2. Hesabu masinki, kisha fungua bomba. Nairobi maji hugawiwa kwa zamu. Chuo kisicho na tangi kitakufundisha kuosha nywele kwa maneno.
3. Hesabu draya zinazofanya kazi. Mwombe mtu aziwashe. Draya iliyofunikwa kitambaa kizuri mara nyingi imekufa.
4. Hesabu wanafunzi na mwalimu. Walimu wanaoshika kitana, si walio kwenye orodha.
5. Uliza kama kuna saluni ya mafunzo inayopokea wateja wa nje kwa bei nafuu. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Chuo chenye wateja wa nje kitakupa vichwa 100 kabla hujamaliza. Kisicho nao kitakupa dami (kichwa bandia cha kujifunzia) na vichwa vya wenzako, na vichwa vya wenzako huchoka mapema. Kufikia mwezi wa tatu kila mtu anavaa kitambaa.
6. Uliza nani ananunua dawa, shampuu na nywele za pakiti. Vyuo vingine vinatoza karo ndogo halafu unanunua kila kitu.
7. Subiri getini wanafunzi wakitoka kula. Muulize mmoja: "Wiki iliyopita umefanya vichwa vingapi?" Jibu lake lina thamani kuliko kitabu chote cha maelezo ya chuo.

Angalia: vijana wanaogawa vikaratasi barabarani na kukusindikiza hadi ofisini wengi hulipwa kwa kila mwanafunzi wanayemleta. Hawana ubaya, wanatafuta riziki, lakini usilipe siku hiyo. Ile "ofa inayoisha leo" utaikuta wiki ijayo.

Hatua ya 4: Lipa kwa akili

Lipa kwa akaunti au paybill yenye jina la chuo, kamwe si kwa nambari ya simu ya mtu, hata akiwa ndiye mkuu wa chuo. Weka ujumbe wa M-Pesa, dai risiti ya karatasi, ipige picha. Omba kulipa kwa awamu. Wengi hukubali hata kama hawakutangaza.

Ukiwa chuo cha umma, ulizia mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwa wanafunzi wa ufundi, na basari za NG-CDF (mfuko wa eneo bunge) na za wadi. Basari hazisubiri, fomu zikitangazwa, tuma siku hiyo hiyo pamoja na barua ya chuo. Kwa vyuo binafsi, usijenge mpango wako juu ya pesa ya mkopo.

Hatua ya 5: Nunua vifaa kidogo kidogo

Teremka Dubois Road na River Road asubuhi, kabla ya msongamano. Duka la kwanza si la kununua, ni la kuuliza bei. Mwezi wa kwanza unahitaji haya tu:

- kitana cha mkia (nunua viwili, kimoja kitavunjika) na chanuo la meno mapana
- klipu kubwa za kushikilia nywele, dazeni moja
- chupa ya kunyunyizia maji
- aproni, taulo mbili za rangi nzito, glavu
- kichwa cha dami na stendi yake ya kubana mezani
- daftari dogo la mfukoni, ambalo kazi yake utaiona kwenye hatua ya 8

Sindano na uzi wa wivu, rola, brashi ya dawa na mkasi vitafuata kadiri masomo yanavyofika. Mkasi wa nywele usikate nao kitu kingine chochote, hata uzi.

Angalia: dami nyingi za bei rahisi zina nywele za plastiki. Kwa kusuka zinatosha kabisa. Ukizipiga blodrai au pasi zitayeyuka na kunuka darasa zima, na pasi yenyewe itaharibika. Kabla ya kununua, muulize muuzaji kama zinastahimili moto. Na usinunue draya ya mkono mwezi wa kwanza. Kila mwanafunzi mgeni huanza na draya, kwa sababu ndicho kifaa kinachofanya mtu ajione msusi.

Hatua ya 6: Mwezi wa kwanza, gawa na usuke

Utafikiri unapotezewa muda. Mwalimu atakuambia ugawe nywele mafungu manne, ufumue, ugawe tena. Mvumilie. Mistari iliyopinda haipindi wakati wa kusuka. Ilipinda tangu kitana kilipopita. Mkia wa kitana uguse ngozi bila kukwaruza, upite mara moja, na jicho lako litazame kule unakokwenda, si pale kitana kilipo. Nywele kavu hazigawiki vizuri, kwa hiyo nyunyizia maji kidogo.

Nyumbani, funga dami kwenye meza na ufanye dakika 40 kila jioni. Mistari sita kwenda nyuma, fumua, rudia. Wiki ya pili ongeza nywele za pakiti kidogo kidogo kuanzia mbele, ili mwanzo wa mstari ubaki mwembamba. Wiki ya tatu jaribu kupinda kuelekea pembeni. Ukiweza kusuka huku ukitazama taarifa ya habari, mkono umeanza kujua.

Sasa suala la kukaza. Hili nitalisema kwa urefu kwa sababu ndilo linaloharibu vichwa vya wanawake na watoto wa mji huu. Wateja wengi wenyewe watakuambia "kaza, idumu". Usikaze. Nywele za pembeni ya uso ni nyembamba, zikivutwa mwezi baada ya mwezi mizizi huchoka, na hatimaye hazioti tena. Umewaona akina mama waliobaki na paji la uso linalopanda kila mwaka. Dalili ni hizi: ngozi inavutika kati ya mistari, vipele vyeupe vinatokea kwenye mzizi, mteja hawezi kupandisha nyusi bila kukunja uso. Ukiona moja, fumua hapo hapo. Kwa mtoto usisubiri dalili. Shika polepole tangu mwanzo, na anapolia usimwambie "urembo ni maumivu". Mteja akisema inauma, inauma.

Maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta yanaunguza watu kila siku. Mwambie mteja kabla hujayaleta. Weka taulo nene mgongoni na mapajani, leta chombo hadi kwenye nywele badala ya kumwagia, na mtoto yeyote anayecheza hapo karibu atolewe kwanza.

Hatua ya 7: Dawa na rangi, usijifunzie nyumbani

Kusuka unaweza kujizoeza kibarazani. Dawa ya kunyoosha nywele, hapana. Ile ni kemikali kali ya jamii moja na inayozibua mabomba, na inajua kula ngozi kama inavyojua kulegeza nywele. Ifanye mwalimu akiwa pembeni yako, hadi atakapochoka kukusahihisha.

Utaratibu wangu ni huu:

1. Kagua ngozi ya kichwa. Kidonda, mkwaruzo, mapunye: usiweke dawa. Uliza lini aliosha na lini alijikuna. Aliyeosha au kukwaruza kichwa jana, mwambie arudi baada ya siku chache.
2. Uliza alitiwa nini mara ya mwisho. Kichwa kilichotiwa kalikiti (dawa ya kuviringa nywele) hakitiwi dawa ya kunyoosha. Kemikali hizo mbili hazipatani na nywele hukatika mikononi mwako. Aliyefumua rasta leo, mpe wiki mbili.
3. Paka mafuta mazito ya kukinga kwenye ngozi, kuzunguka paji la uso, masikio na kisogo. Vaa glavu.
4. Weka kwenye zile zilizoota tu. Nywele huota kama sentimita moja na robo kwa mwezi, ndiyo maana ritachi chini ya wiki nane mara nyingi ni kuchoma nywele zilizokwisha kunyooka. Anza nyuma ya kichwa, malizia pembeni ya uso.
5. Tazama saa, si televisheni. Fuata muda ulioandikwa kwenye kopo. Mteja akisema anawashwa, suuza papo hapo, hata kama upande mmoja bado.
6. Suuza kwa maji ya uvuguvugu hadi yatoke safi kabisa, kisha tumia shampuu maalumu ya kukata dawa. Nyingi hutoa povu la waridi wakati dawa ingali ndani. Rudia hadi povu liwe jeupe.

Kwa rangi na kanta: jaribu tone dogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko saa 48 kabla. Saluni nyingi hazifanyi hivyo, najua. Siku utakapomwona mteja macho yamevimba hadi kufunga, utaanza kufanya.

Vitana, klipu na brashi huoshwa kwa sabuni, kisha kuloweshwa kwenye dawa ya kuua vijidudu, kila mteja. Si kila jioni.

Hatua ya 8: Hesabu vichwa vyako

Toa lile daftari. Kila kichwa unachofanya, andika tarehe, mtindo, muda uliotumia, kilichoharibika. Mistari minane, saa 2 na dakika 10, mwanzo wa mbele ulikuwa mnene. Kichwa kinachofuata utajua ukirekebishe nini. Lengo langu kwa wanafunzi ni vichwa 60 vya watu kabla ya mtihani, na angalau 10 kati yake viwe vya nywele za asili zisizo na dawa, kwa sababu ndizo zinazokataa kudanganywa.

Utavipata wapi? Wale watano ulioandika mwanzoni. Kisha majirani: wanunue nywele za pakiti, wewe utoe mkono bure. Kisha nenda saluni ya karibu na kwenu Jumamosi, uombe kufumua na kuosha bila malipo. Wengi watakukatalia. Wa tatu au wa nne atakukubali, na likizo za Aprili, Agosti na Desemba ndiye atakayekupigia simu. Kufumua kunafundisha kuliko unavyodhani. Unaona jinsi mwingine alivyosuka, kinyumenyume.

Picha piga, lakini omba ruhusa. Ya mtoto, omba kwa mzazi. Nyuma ya kichwa inatosha. Mteja mpya anataka kuona mistari, si uso.

Hatua ya 9: Atachimenti, yaani mazoezi ya kazini

Usichague saluni kwa vioo. Nenda ukae Kenyatta Market Jumamosi moja utazame: wasusi watatu juu ya kichwa kimoja, mikono haionekani, mteja anainuka kabla ya chakula kupoa. Hapo utajifunza kasi. Saluni za Kilimani au Westlands zitakufundisha jambo lingine: kumpokea mteja, kumsikiliza, kutunza nywele za asili, kutozungumza juu ya mteja aliyetoka. Ukiweza, gawa muda wako katika saluni za aina zote mbili.

Wiki mbili za kufagia na kuchota maji ni adabu ya kazi, zifanye bila kununa. Mwezi mzima wa kufagia ni kibarua cha bure. Mwendee mwenye saluni kwa heshima: "Mama, naomba niwe nikiosha wateja wote, na nisuke mmoja kwa siku." Kitabu chako cha atachimenti kisainiwe kila Ijumaa. Ukisubiri siku ya mwisho, msimamizi atakuwa ameenda mashambani kwao.

Hatua ya 10: Mtihani

Chuo kinaweza kukusajili, au ujisajili mwenyewe NITA. Makao yao makuu yako Commercial Street, Industrial Area. Hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, na usipitishe pesa kwa mtu anayesema "ana mtu wake ndani".

Wiki moja kabla, fanya mtihani wa kujaribu na saa mkononi. Wengi wanaoanguka wanajua kazi ila hawamalizi. Pitia pia maswali ya nadharia: usafi, usalama, aina za nywele na ngozi. Modeli wako, yaani mtu utakayemsuka siku ya mtihani, awe mtu ambaye nywele zake umezishika mara tatu au nne, na uandae wa pili wa akiba. Usimpeleke mrembo usiyemjua.

Mambo yakikwama

*Nililipa na chuo kimefungwa.* Kusanya risiti na ujumbe wa M-Pesa, andikia TVETA, piga ripoti polisi. Nendeni mkiwa wengi. Malalamiko ya mtu mmoja hukaa chini ya faili.

*Mwalimu haonekani.* Andikeni barua yenye tarehe alizokosa, mtie sahihi, mpeleke ofisini. Wakati huo usikae bure darasani: sukaneni.

*Vidole na kiwiko vinauma.* Mara nyingi kiti cha mteja kiko chini mno au juu mno. Kichwa chake kiwe usawa wa kifua chako. Pumzika dakika tano kila saa. Maumivu yakiendelea usiku, nenda hospitali.

*Dawa imemuunguza mteja.* Maji mengi ya baridi ya bomba, muda mrefu. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala siki. Ikimwingia jichoni au ngozi ikitoa malengelenge, hospitali mara moja, na uende na kopo la dawa ili daktari asome kilichomo.

*Mteja ana mapunye.* Usimwaibishe mbele ya watu. Mwite pembeni, mwambie asionwe na msusi bali na daktari, kwa sababu mapunye ya kichwani hutibiwa kwa dawa ya kumeza; krimu peke yake haitoshi. Osha na uloweshe kila kilichomgusa.

*Mistari yangu inalegea baada ya siku mbili.* Unashika nywele chache mno kila unapoongeza, au umeziosha na kuzipaka mafuta mengi kabla ya kusuka. Jibu si kukaza.

*Nimesuka mtaani miaka mitano, nirudi chuo?* Si lazima. Nenda moja kwa moja kwenye mtihani wa NITA, ukijaza mapengo yako kwanza. Wa mtaani huwa na mkono mzuri wa kusuka lakini hajui dawa wala nadharia. Tafuta chuo kitakachokubali kukufundisha hivyo viwili tu kwa wiki chache.

*Nimeanguka mtihani.* Uliza ni sehemu gani, jisajili msimu unaofuata. Mwenye saluni ninayekodisha kiti kwake alianguka mara mbili.

*Modeli wangu hajaja asubuhi ya mtihani.* Ndiyo maana uliandaa wawili, na wa pili umemlaza kwako usiku ule. Kama hukufanya hivyo, piga simu kwa wale watano wa mwanzo, anza na anayeishi karibu na barabara ya matatu, mtumie nauli kabla hajakubali.